Manati Yako Ilianzia Jikoni kwa Mtu Aliyeandamwa na Madeni

Kama umewahi kukaa Hulugho hata likizo moja tu, unajua vile manati inatengenezwa. Unatafuta tawi lenye panda mbili zinazolingana. Unalichonga na kisu cha jikoni wakati ayeyo amelala. Halafu unaenda kwa yule jamaa wa kuziba pancha na unasimama hapo kama maskini mpaka akurushie kipande cha tyubu iliyokufa. Unakata kanda mbili za upana wa kidole, unazifunga kwa panda na vipande vingine vya tyubu hiyo hiyo. Kitu cha mwisho ni ngozi ya kushikilia kijiwe, na hapo ndipo ulimi wa kiatu cha shule cha mtu fulani hupotea nyumbani na hakuna anayejua umeenda wapi.

Wengine wanaiita feya, wengine wanaiita panda tu. Mimi nitasema manati. Na leo nataka nikupe stori ya mtu ambaye bila yeye ungekuwa na tawi mkononi, ulimi wa kiatu, na hakuna kitu cha kuvuta.

Anaitwa Charles Goodyear. Ndio, jina unaliona kwenye matairi ya lori. Lakini subiri kwanza. Jamaa hakutengeneza hata tairi moja la lori, hakuwa na kampuni hiyo, na familia yake haikuianzisha. Kampuni ilianzishwa mwaka wa 1898 kule Akron, Marekani, na mtu mwingine kabisa aitwaye Frank Seiberling, aliyechukua jina kwa heshima tu. Goodyear mwenyewe alikuwa kaburini miaka 38 tayari, na alienda huko akiwa na deni la karibu dola 200,000. Tutafika.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1800 mjini New Haven, jimbo la Connecticut. Baba yake, Amasa, alikuwa mtu wa kujaribu jaribu mambo: vifaa vya shamba, vifungo vya nguo, vitu vya chuma. Kijana akatumwa Philadelphia kujifunza biashara ya vyuma, akarudi, akafanya kazi na mzee wake, akaoa Clarissa Beecher mwaka wa 1824. Miaka miwili baadaye walifungua duka la vyuma huko Philadelphia. Kwa muda mambo yalikuwa sawa. Halafu ikafika 1830, biashara ikaanguka, afya yake nayo ikaharibika.

Hapa lazima uelewe kitu kimoja kuhusu Marekani ya wakati huo. Ukishindwa kulipa deni, walikuwa wanakufunga. Si kukupigia simu usiku na kutumia watu wako meseji kama hizi programu za mkopo za siku hizi. Jela kabisa. Goodyear aliingia na kutoka huko mara nyingi sana kwa miaka mingi.

Mpira ulikujaje katika maisha yake? Kwa bahati, na kwa kiburi kidogo. Mwaka wa 1834 alipita dukani New York, duka la kampuni ya mpira ya Roxbury, akaona boya la kujiokolea majini. Akaona vali yake haijatengenezwa vizuri. Akaenda nyumbani, akabuni vali bora, akairudisha dukani akitarajia kulipwa. Msimamizi akamweleza ukweli mchungu: shida haikuwa vali. Shida ilikuwa mpira wenyewe. Kampuni ilikuwa imeuza viatu na vifaa kibao, joto la kiangazi lilipofika vikayeyuka na kunuka vibaya, wateja wakavirudisha, na bidhaa zilizooza zikafukiwa ardhini.

Huo mpira ulikuwa nini hasa? Ni utomvu wa miti uliokaushwa. Wakati wa baridi unakuwa mgumu kama mfupa na kupasuka. Wakati wa joto unakuwa kama ubani uliotafunwa. Sasa fikiria manati ya mpira huo Hulugho, mwezi wa pili, saa nane mchana, jua limekaa juu ya kichwa chako na hata mbuzi wamejibanza kwenye kivuli cha tangi la maji. Ukivuta, haurudi. Unabaki umeshika kamba yenye gundi, na vidole vimeshikana.

Ndiyo maana watoto wa zamani hawakuwa na manati kama yako. Walikuwa na kombeo, ile kamba unayozungusha juu ya kichwa na kuachilia upande mmoja. Ni silaha ya zamani sana. Ukisoma kisa cha Nabii Daud na Jaluti, wengi wetu tumesimuliwa kwamba ni kombeo. Na wale Wagiriki na Warumi waliokuwa na mitambo mikubwa ya kurusha mawe ukutani kwa adui, walitumia kamba za mishipa ya wanyama na nywele zilizosokotwa mpaka zikakaza. Manjaniki za Waarabu nazo zilikuwa na mti mrefu unaovutwa na watu, baadaye unaovutwa na uzito. Hakuna aliyekuwa na kitu kinachovutika mara tatu ya urefu wake na kurudi pale pale. Manati ya panda ni changa.

Basi Goodyear akarudi Philadelphia na wazo moja kichwani: atautibu mpira. Kabla hajafika mbali, mdai akamfunga. Na hapa ndipo stori inapoanza kunipendeza, kwa sababu jaribio lake la kwanza alilifanya jela. Alimwomba mkewe amletee mpira mbichi na kile kijiti cha kusukumia chapati. Ndio, kifaa cha jikoni. Akakaa kwenye seli akikanda na kusukuma mpira kama mtu anayeandaa futari.

Hakuwa na masomo ya kemia. Hakuwa na maabara. Sikuambii hivi ili uache chuo. Mimi niliacha na najua bei yake. Nakuambia kwa sababu mbinu yake ilikuwa ya mtu asiyejua kitabu kinasema nini: changanya mpira na chochote kilicho karibu, uone. Alidhani kama utomvu unanata kwa sababu ya unyevu, basi unga mkavu utaunyonya. Akajaribu magnesia, ule unga mweupe wa dawa. Matokeo yakapendeza. Kwa pesa za rafiki, yeye, Clarissa na mabinti zao wakaketi jikoni New Haven wakatengeneza mamia ya jozi za viatu vya mpira. Kiangazi kikafika. Viatu vikawa uji.

Majirani wakalalamika kuhusu harufu. Akahamia New York. Huko akaongeza chokaa, akachemsha. Akapata mpira laini usionata, akafurahi, mpaka alipogundua kwamba tone moja la kitu chenye asidi, hata kidogo tu, linaurudisha kwenye utelezi wake wa kwanza. Siku moja alitaka kutoa rangi kwenye kipande cha mpira alichokuwa amekipamba, akakipaka asidi ya naitriki. Kikawa cheusi, akakitupa. Baadaye akakikumbuka, akakiokota kwenye takataka, akaona uso wake umekuwa laini na mkavu kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza. Zingatia hapo. Mara nyingi ugunduzi wake ulikuwa kitu alichokuwa ameshatupa.

Majaribio ya asidi karibu yamuue. Gesi ilijaa chumbani, akaugua vibaya. Lakini alipona, akapata mwekezaji, akaanza kutengeneza bidhaa. Halafu mwaka wa 1837 uchumi wa Marekani ukaporomoka, mwekezaji akafilisika pamoja na kila mtu. Familia ikaishia kuishi kwenye kiwanda cha mpira kilichoachwa huko Staten Island, wakila samaki aliowavua baharini.

Hebu nitulie hapa kidogo, kwa sababu stori za namna hii huandikwa kama nyimbo za kutia moyo. Jitume, usikate tamaa, watakucheka kisha watakushangilia. Sasa mfikirie Clarissa. Mwanamke huyu aliuza vitu vya nyumba kimoja kimoja. Inasimuliwa kwamba hata vitabu vya shule vya watoto viliuzwa ili jamaa anunue vifaa. Walizika watoto kadhaa wakiwa wadogo, na kuna wakati hakukuwa na pesa ya maziko. Watu wa mji walimwona Goodyear akitembea amevaa koti la mpira, kofia ya mpira, viatu vya mpira, na kibeti cha mpira kisicho na senti ndani. Sisi tunacheka tukisikia. Yeye alikuwa anarudi nyumbani jioni kwa mke wa mtu huyo huyo, yaani mkewe, aliyekuwa anawaza watoto watakula nini. Kila nikisoma kuhusu mtu aliyejitoa mhanga kwa ndoto yake, siku hizi nauliza kwanza ni nani mwingine alitolewa mhanga bila kuulizwa.

Haya, tuendelee. Akahamia karibu na Boston. Serikali ikampa kazi ya kutengeneza mifuko 150 ya posta kwa mpira wake wa asidi. Akaitengeneza, akaiweka kwenye chumba chenye joto, akaenda zake kwa wiki kadhaa. Aliporudi mifuko ilikuwa imelegea na kudondoka kutoka kwenye vishikizo vyake. Asidi ilikuwa imetibu ngozi ya juu tu. Ndani bado ulikuwa utomvu ule ule.

Karibu na wakati huo akakutana na Nathaniel Hayward, fundi mmoja wa mpira huko Woburn, Massachusetts. Hayward alikuwa anautibu mpira kwa salfa, ule unga wa manjano wa kiberiti, kisha anauanika juani. Goodyear akanunua haki ya mbinu hiyo. Bado ilikuwa inatibu juu tu. Lakini sasa alikuwa na salfa mkononi.

Majira ya baridi ya 1839, hapo Woburn, kipande cha mpira chenye salfa kikagusa jiko lililowaka moto. Wengine wanasimulia kwamba ilikuwa dukani, akiwaonyesha watu waliokuwa wanamkejeli, kikamponyoka mkononi. Wengine wanasema ilikuwa jikoni nyumbani. Vyovyote vile, kila mtu angetarajia kiyeyuke. Hakikuyeyuka. Kiliungua kama ngozi, na kwenye ukingo wa sehemu iliyoungua kulikuwa na ukanda mwembamba ambao haukuungua wala haukunata. Ulivutika, ukarudi. Akaupeleka nje kwenye baridi. Asubuhi ulikuwa bado unavutika.

Joto, ambalo miaka yote lilikuwa adui, ndilo lilikuwa dawa. Ila pamoja na salfa, na kwa kipimo.

Nikueleze kinachotokea ndani, na nitatumia chakula kwa sababu kila nyumba ya kwetu inakijua. Fikiria sahani ya baasto iliyopikwa ikaiva. Kila uzi ni mrefu, umejikunja, umepitana na mwingine. Ukivuta uzi mmoja unateleza unatoka. Huo ndio mpira mbichi: nyuzi ndefu ndefu zisizoonekana kwa macho, zinazoteleza moja juu ya nyingine. Joto likizidi, zinateleza zaidi, unapata uji. Sasa chukua uzi mdogo, funga baasto hapa na pale, uzi huu na ule, mafundo machache tu sahani nzima. Ukivuta, zote zinakuja pamoja, zinanyooka, na ukiachilia mafundo yanazirudisha pale zilipokuwa. Salfa ikipata moto inafunga mafundo hayo. Mafundo machache, unapata rababendi. Mengi zaidi, unapata tairi. Mengi kupita kiasi, unapata kitu kigumu kama mbao.

Unataka kuiona kazi hiyo bila kwenda kuchonga tawi? Chukua vijiti kumi vya aisikrimu, rababendi chache na kifuniko cha soda. Panga vijiti vinane kimoja juu ya kingine, funga ncha zote mbili kwa rababendi. Vijiti viwili vilivyobaki vifunge pamoja ncha moja tu. Vifungue kama mdomo wa mamba, sukuma ule mrundo wa vinane katikati yake mpaka ukaribie ncha iliyofungwa, kisha uufunge hapo zinapopishana, kwa mtindo wa msalaba. Gundisha kifuniko kwenye ncha ya kijiti cha juu. Weka harage, bonyeza chini, achilia. Ukikosa vijiti, kijiko cha plastiki kinafaa kuwa mkono wa kurusha. Kijiti kinapinda na kutoa nguvu yake, lakini angalia zile rababendi pale katikati: zinavutwa, zinarudi, mara mia, na mtambo haulegei. Jaribu kufunga kwa uzi wa kawaida uone vile utaanza kucheza cheza baada ya harage la tano. Na tafadhali, harage liende ukutani, si kwa jicho la ndugu yako.

Ungedhani baada ya lile jiko maisha yakawa sawa. Wapi! Kujua kwamba joto na salfa vinafanya kazi si sawa na kujua joto kiasi gani, kwa muda gani, salfa ngapi. Ilimchukua miaka mingine. Alikuwa anaweka vipande ndani ya jiko la Clarissa pamoja na mikate, akavining'iniza kwenye mdomo wa birika, akavichoma kwenye majivu. Aliomba majirani wenye viwanda wamruhusu kutumia matanuri yao wafanyakazi wakishaenda nyumbani. Mwishowe akaona mvuke wenye shinikizo, kwa saa kadhaa, ndio unaleta mpira unaofanana kutoka juu hadi ndani. Shemeji yake, William De Forest, mwenye kiwanda cha sufu, ndiye aliyemkopesha pesa ya kumaliza kazi.

Tarehe 15 Juni 1844 akapata hataza yake Marekani, namba 3633. Lakini alikuwa amechelewa mahali pengine. Vipande vya mpira wake vilikuwa vimeshafika Uingereza kutafuta wanunuzi, na vikaangukia mikononi mwa Thomas Hancock, mtu aliyekuwa anahangaika na mpira kwa miaka mingi kama yeye. Hancock akaona unga wa manjano juu ya kipande, akafanya majaribio yake, akasajili hataza Uingereza mwishoni mwa 1843. Rafiki ya Hancock ndiye aliyeipa mbinu hiyo jina kutoka kwa Vulcan, mungu wa moto wa Warumi, na mpaka leo mafundi wa tairi huita kazi hiyo vulkanaizi. Yaani hata jina la kitu chako, mwingine ndiye anakupa.

Kabla hatujamwonea Goodyear huruma sana, tukumbuke watu wa Meksiko ya kale. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita walikuwa wanachanganya utomvu wa mti na maji ya mmea mwingine unaotambaa, wakapata mipira inayodunda ya kuchezea. Hawakusajili hataza popote.

Huko Marekani kwenyewe watu walimwibia waziwazi. Kesi kubwa ilikuwa ya mwaka wa 1852 mjini Trenton, dhidi ya Horace Day. Upande wa Goodyear ukamkodi Daniel Webster, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wakati huo, kwa dola 15,000. Pesa ndefu sana kwa wakili enzi hizo. Webster alishinda. Lakini Goodyear alikuwa ameshauza leseni zake kwa bei ya kutupa, na waliopata utajiri ni waliozinunua.

Na pesa ikipatikana, alifanya nini nayo? Hapa ndipo nashindwa naye kabisa. Kwenye maonyesho makubwa ya London ya mwaka wa 1851 alijenga ukumbi mzima wa mpira. Samani za mpira, mapambo ya mpira, kila kitu. Ulimgharimu dola 30,000. Clarissa alifariki Uingereza mwaka wa 1853, kabla hajawahi kuishi mwaka mmoja wa utulivu. Goodyear akaoa tena mwaka uliofuata, na mwaka wa 1855 akarudia mchezo ule ule mjini Paris kwa dola 50,000. Hataza yake ya Ufaransa ikafutwa, malipo aliyoyategemea yakakauka, wadai wakaja. Akafungwa jela ya Paris kwa siku 16. Mfalme Napoleon wa Tatu alimtunuku nishani ya heshima ya Ufaransa wakati huo huo, na mwanawe akampelekea ndani ya jela. Nishani kifuani, mlango umefungwa kwa nje.

Alifariki New York tarehe 1 Julai 1860, akiwa njiani kwenda kumwona binti yake aliyekuwa mgonjwa. Alipofika hapo akaambiwa binti ameshafariki. Akaanguka, na hakupona. Amezikwa New Haven, alikozaliwa.

Stori ingeishia hapo kama ingekuwa ya Marekani tu. Lakini mpira uliotibiwa ukahitajika kila mahali, na mwishoni mwa miaka ya 1880 kule Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop akamtengenezea mwanawe tairi la upepo la baiskeli ya magurudumu matatu. Dunia nzima ikataka tairi. Na ili upate tairi lazima upate utomvu.

Sasa sikiza neno lenyewe: mpira. Kwenye misitu ya pwani yetu kuna mtambaazi unaotoa utomvu mweupe ukiukata. Mtambaazi huo ndio uliitwa mpira. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, aliuona miaka ya 1870 na wataalamu wakaupa jina lake. Utomvu ukawa bidhaa ya kusafirishwa kutoka pwani hii. Kwa hiyo ukisema unacheza mpira, au umevaa viatu vya mpira, unataja mmea wa kwetu.

Ndugu zake mtambaazi huo walikuwa wengi Kongo. Kuanzia mwaka wa 1885 nchi ile nzima ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta. Wasipofikisha, wake zao walishikwa mateka, vijiji vilichomwa, watu waliuawa. Askari walitakiwa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure, na ushahidi ulikuwa mikono iliyokatwa. Kuna picha za watoto wasio na mikono, na zilizunguka Ulaya na Marekani mpaka Leopold akalazimika kuiachia nchi mwaka wa 1908. Goodyear hakuyaona hayo, alikuwa amekufa zamani. Hakuyapanga. Lakini lile jiko la Woburn ndilo lililoufanya utomvu uwe na bei ya damu, na siwezi kukusimulia la kwanza nikaacha la pili.

Mwaka jana nilirudi Hulugho kwa wiki mbili. Huko kila kitu kinatembea juu ya mpira. Lori la maji linalokuja kiangazi kikikaza, pikipiki za kwenda Ijara na Masalani, gari la punda lenye matairi ya gari dogo likitoka silanga na mitungi ya njano. Wazee wamevaa akala zilizokatwa kwenye tairi kuukuu na zinadumu kuliko raba zangu za Nairobi. Mvua ikinyesha barabara inakatika na ndipo unajua tairi ni nini, kwa sababu bila hiyo hakuna unga unaofika.

Nilimkuta mtoto wa abti yangu, miaka tisa hivi, amekaa chini na kisu na kipande cha tyubu ya lori. Nilimwambia asipige ndege, akaniangalia kama mtu ameongea Kichina. Alikuwa anajiandaa kwa tumbili wanaovamia mahindi ya mama yake. Akanionyesha vile anachagua: anavuta kipande mpaka kinakaribia kukatika, anakiangalia kwenye mwanga kama kina nyufa, anakinusa. Kikinuka kiberiti, alisema, hicho ndicho kizuri. Tyubu iliyokaa juani sana haina harufu tena, na hiyo inakatika usoni mwako.

Nikamuuliza ngozi ameitoa wapi. Akatazama viatu vyangu.